Makofi ya Nusu Saa

Tarehe 26 Januari 1936 Stalin alikwenda kutazama opera katika ukumbi wa Bolshoi, mjini Moscow. Opera hiyo, iliyotungwa na Dmitri Shostakovich kutokana na hadithi ya mke wa mfanyabiashara anayegeuka muuaji, ilikuwa imeshajaza kumbi kwa miaka miwili. Mtunzi mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 29, na nchi nzima ilijivunia jina lake. Stalin aliondoka kabla onyesho halijamalizika. Siku mbili baadaye gazeti la chama, Pravda, likatoa tahariri isiyo na jina la mwandishi. Iliuita muziki ule vurugu, na ikaonya kwamba mchezo wa namna hiyo unaweza kuishia pabaya.

Mtumishi wa umma anayesoma haya hahitaji kufafanuliwa kilichofuata. Mkubwa akikunja uso, walio chini yake hawasubiri waraka. Hapakuwa na hakimu wala mashtaka, lakini baadhi ya watu waliokuwa wakimsifu kijana yule walisimama mikutanoni na kumsuta. Desemba mwaka huohuo, mazoezi ya Simfonia yake ya Nne yakiwa yanaendelea, aliiondoa. Mwaka uliofuata, alipokuwa akiandika Simfonia ya Tano, mlezi na rafiki yake Jemadari Tukhachevsky alikamatwa, na mwezi Juni akapigwa risasi.

Simfonia hiyo ya Tano nilianza kuisikiliza nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, usiku, sura za tasnifu zilipokataa kunyooka. Sikulelewa katika muziki huu. Nyumbani kwetu redio ilikuwa ya taarifa ya habari na taarabu. Kilichonivuta ni sehemu yake ya tatu. Mtunzi anazinyamazisha tarumbeta zote, zile ala za gwaride na za serikali, kisha anaziachia nyuzi zigawane sauti nyingi kama watu wanaonong'onezana chumba kimoja hadi kingine. Simfonia ilipopigwa mara ya kwanza mjini Leningrad, tarehe 21 Novemba 1937, watu walilia ukumbini katika sehemu hiyo. Tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Kumlilia hadharani ndugu aliyechukuliwa usiku kulikuwa kujitia hatarini. Pale ukumbini mtu aliweza kulia, na akiulizwa aseme analizwa na muziki.

Mwishoni tarumbeta zinarudi, ngoma zinapigwa, na nyuzi zinakariri noti moja, ileile, ileile, bila kupumua. Inasimuliwa kuwa makofi yalidumu zaidi ya nusu saa. Wakubwa walisikia ushindi, na mtunzi akasamehewa, angalau kwa muda. Lakini hadi leo waongozaji wa okestra hawakubaliani kuhusu mwendo wa kurasa hizo za mwisho. Leonard Bernstein alizikimbiza, zikawa shangwe tupu. Mstislav Rostropovich alizipiga polepole, na shangwe ileile ikawa kama ya mtu anayeamriwa afurahi huku akichapwa. Mimi nasimama na Rostropovich, ingawa nakiri kwamba ya Bernstein ni tamu zaidi kuisikiliza ukiwa barabarani.

Mwaka jana nilizipiga zote mbili katika semina yangu ya dola na raia. Darasa likagawanyika, mabishano yakapamba moto, hadi binti mmoja wa nyuma akauliza: "Dokta, kwani ni lazima tuchague? Si ndiyo maana alibaki hai?" Nikamwambia swali lake lina umri mkubwa pwani yetu kuliko Urusi ya Stalin. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi ya siasa Mombasa karne ya 19, enzi za ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said, na fumbo lilikuwa silaha yake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Tofauti ni kwamba mashairi yana maneno, na maneno yanaweza kusomwa mbele ya tume. Noti hazisomeki hivyo.

Wanaharakati vijana wasichukue hapa shujaa wa kubandika ukutani. Mwaka 1948 alishutumiwa tena, akanyang'anywa kazi ya kufundisha, na akasoma hotuba za kujirudi. Mwaka 1960 alijiunga na chama. Mwaka 1973 jina lake lilikuwa kwenye barua ya kumlaani mwanasayansi Sakharov. Lakini mwaka 1962, katika Simfonia ya Kumi na Tatu, ndiye pia aliyeyatungia muziki mashairi ya Yevtushenko kuhusu Wayahudi waliouawa Babi Yar, jambo ambalo wakubwa hawakutaka lisikike. Nimejaribu kumpima mtu huyu kwa mizani moja, nimeshindwa, na siku hizi namshuku anayeweza kufanya hivyo haraka.

Ninamfikiria mwenzangu mmoja. Makala yake ilikuwa imeshapita kwa wahakiki wa jarida, inasubiri kuchapwa, alipopigiwa simu. Hakutishwa. Aliulizwa tu watoto hawajambo, na wanasoma shule gani siku hizi. Kesho yake aliiondoa makala. Wapo waliomwita mwoga, wakiwa wamekaa salama katika vikundi vyao vya simu.

Simfonia ya Nne ilipigwa hatimaye tarehe 30 Desemba 1961, baada ya miaka 25. Mswada wa mkono wa mtunzi ulikuwa umepotea wakati wa vita. Ilibidi kazi nzima ijengwe upya kutokana na karatasi za wapigaji mmojammoja, za fidla mahali pake na za tarumbeta mahali pake, zilizokuwa zimebaki tangu yale mazoezi ya 1936.

Nilimsimulia mwenzangu habari hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile rasimu aliyowahi kunipa niisome bado ninayo. Ninayo.