Shule Iliyofunguliwa kwa Ajili Yetu

Treni ya pwani ya Dublin hutoka katikati ya mji, na baada ya vituo vichache bahari hujitokeza upande wa kushoto. Siku ile maji yalikuwa yamekupwa. Mchanga ulikwenda mbali mpaka macho yakachoka, na mimi, mtu wa Bagamoyo, nikajikuta natafuta akina mama wanaochokoa pweza. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja na mbwa wake. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1834, ya kwanza Ireland nzima. Nami niliipanda kwa mara ya kwanza nimevaa makoti mawili, katika mwezi ambao wenyeji wanauita wa kiangazi.

Nilikuwa nakwenda kutazama shule, Blackrock College, shule ya Kikatoliki ya wavulana. Wamisionari waliojenga misheni ya kwetu mwaka 1868 walikuwa Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, na ni shirika hilohilo lililoifungua Blackrock mwaka 1860. Utotoni nilicheza karibu na makaburi ya misheni, nikisoma majina ya wamisionari vijana waliouawa na homa kabla hawajaota mvi. Nilitaka kuona upande wa pili wa habari hiyo.

Aliyenipokea langoni, Rock Road, alikuwa padri mstaafu aliyefanya kazi Ukambani miaka mingi. Nikasahau niko nchi ya nani, nikamwamkia, "Shikamoo, Padri." Akaitikia "Marahaba" bila kusita, kisha akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za wazee, mmoja baada ya mwingine, hata nikaona haya. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa daftari.

Tukitembea, akanieleza. Padri Jules Leman na wenzake walifika Ireland kutafuta vijana. Makoloni ya Uingereza barani Afrika yalihitaji wamisionari wanaojua Kiingereza, na Wafaransa hawakuwa nao. Nchi waliyoikuta ilikuwa haijapona njaa kubwa ya viazi, iliyoua watu wapatao milioni moja. Kabla ya hapo, kwa vizazi kadhaa, sheria za Waingereza ziliwazuia Wakatoliki kufundisha, na watoto walisomeshwa kwa kificho, nyuma ya vichaka na ndani ya maghala. Watu wa namna hiyo ukiwafungulia shule, hawaji kwa ajili ya upadri peke yake. Wazazi walitaka mawakili, madaktari na makarani. "Sisi tulitaka wamisionari, wao walitaka vyeo," alisema padri, akacheka. "Tukakubaliana."

Wenyeji waliiita Chuo cha Kifaransa. Serikali ilipoanza, kwa sheria ya mwaka 1878, kuzilipa shule kulingana na ushindi wa wanafunzi katika mitihani, vijana wa hapa walizoa tuzo. Miongoni mwa waliokuja baadaye, mwaka 1898, alikuwemo kijana aliyezaliwa New York na kulelewa na bibi yake katika nyumba ya kibarua huko Limerick. Huyo ni Éamon de Valera, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Ireland, kisha rais kuanzia 1959 hadi 1973. Kila nilipokuwa nikifikiria jinsi wamisionari walivyowachagua vijana wa kijijini kwetu na kuwapeleka masomoni, nilidhani hiyo ni hadithi ya Kiafrika.

Uwanjani wavulana walikuwa wakisukumana kwenye tope. Mchezo wa huku ni raga. Kombe la shule za jimbo la Leinster lilipochezwa mara ya kwanza mwaka 1887 Blackrock ililibeba, na hadi sasa imelibeba zaidi ya mara 65. Nikakumbuka shule ya St Mary's ya Nairobi, iliyofunguliwa na mapadri haohao mwaka 1939, nayo inacheza raga. Ila tope letu ni jekundu.

Ada ya hapa si ya kila mtu. Mwaka 1967 serikali ilifanya elimu ya sekondari kuwa bure, lakini shule hii ni mojawapo ya zile zilizobaki kutoza. Shule iliyofunguliwa ili kupata watu wa kuja kwetu leo inasifika kwa watoto wa wenye nazo. Sioni kosa la mtoto yeyote katika hilo, ila sikuweza kulifurahia.

Lipo na zito zaidi. Novemba 2022 wanaume waliosoma hapa walisema hadharani waliyofanyiwa na mapadri walipokuwa watoto, na shirika likaomba radhi. Miaka miwili baadaye ripoti ya serikali ilitaja madai 2,395 ya unyanyasaji wa kingono katika shule 308 za mashirika ya kitawa, nchi nzima. Nilimwuliza padri. Alisimama. Hakutetea, wala hakutafuta maneno ya Kiswahili ya kulifunika. Tulisimama hivyo mpaka kengele ikalia na wavulana wakatupita, wengine wakimsalimu.

Alinisindikiza mpaka kituoni, taratibu, kwa sababu ya goti lake. Treni ilipoonekana aliniuliza kama ile njia ya miembe ya misheni Bagamoyo bado ipo. Alipita pale mara moja, zamani.

"Ipo, Padri."

"Na embe zake?"

Nikamwambia watoto wanaziangua mbichi, kama tulivyofanya sisi.