Mpini wa Kijiko

Sisi ni vijana wanne wa jumuiya moja hapa Upanga. Mama mmoja wa jumuiya yetu alipata kiharusi, na tangu hapo mkono wake wa kulia haufumbi vizuri. Mazoezi alihudhuria Muhimbili, ibada hakukosa, lakini kila chakula cha pamoja kilipoandaliwa aliaga mapema. Tulichelewa kuelewa kwamba hakutaka kuonekana akilishwa. Tukaamua kumtengenezea mpini mnene wa kijiko.

Ubishi ulianzia kwenye sampuli ya kwanza. Wawili tulitaka printa ya 3D, ambayo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kisimame. Wawili tulitaka kuchonga mbao. Wa printa tukasema: ukichonga ukazidisha, huwezi kurudisha. Ni kweli. Tukashinda, tukauombea mradi, tukaanza.

Mpini wa kwanza ulichukua saa nne, ukawa mnene mno. Wa pili umeme ulikatika katikati. Wa tatu ulitoka mzuri, tukaupiga picha. Ulipooshwa kwa maji ya moto ukapinda, maana plastiki ile, iitwayo PLA, huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Wiki mbili zikapita, naye bado anaaga mapema. Ikatubidi tuungame: printa tuliipendea zile picha.

Tukanunua mche wa sabuni Kariakoo, tukaketi sebuleni kwake. Tunachonga kwa kisu, anashika. Tunapunguza, anashika tena. Hapo tuliona jambo ambalo katika ubishi wote halikutajwa: kosa lilirekebishwa mkono wake ukiwa palepale, bila kurudi kwenye kompyuta na kusubiri saa nne nyingine. (Gideoni naye alipunguziwa watu, kutoka 32,000 hadi 300. Tumehubiriwa habari hiyo mara nyingi, hatukuwahi kuifikiria tukiwa na kisu.) Vipande vitatu tulivizidisha kweli, tukavifulia nguo.

Cha nne tulikipeleka kwa fundi seremala Gerezani, akakifuatisha kwa mninga. Printa hatuisemi vibaya. Wangehitaji watu ishirini mpini uleule, tungeirudia.

Jumapili iliyofuata alibaki kula wali. Alipofika katikati ya sahani akatuita, "Wanangu, hapa kwenye kidole gumba panabana." Mmoja wetu alikuwa na msasa mfukoni.