Baba Yako na Kioo cha Mbele

Muheza, Jumatano jioni

Mwanangu,

  Masika yamekwisha, machungwa yameanza kukomaa, mama yako mdogo wa Mkanyageni ametolewa bandeji ya jicho na anaona, na mchele ulioutuma umefika. Mungu akuzidishie. Habari ziishie hapo, maana sikukalia kiti hiki kwa ajili ya habari za nyumbani.

Nimesikia neno kutoka kwa binamu yako, na usije ukamgombeza, nilimbana mimi. Anasema siku ile ya Idd ya kuchinja, mlipokuwa mnatoka Tanga na baba yako, mzee kabla hajapanda alizunguka mbele ya gari lako, akainama kwenye kioo, akauliza, "Bima yake iko wapi?" Ukacheka, ukamwambia siku hizi bima iko kwenye mtandao. Akaitikia, akapanda. Mlipofika kituo cha mafuta, mzee akaenda kutawadha, na wewe ukamwambia binamu yako kwamba bima imekwisha tangu Machi, utakata mwezi ujao ukishanunua tairi, na trafiki wa njia ile wote unawajua.

Ni kweli stika za karatasi zimeondoka kwenye vioo. Kila neno ulilomjibu ni la kweli, na bado umemdanganya. Tangu nisikie, usingizi wangu ni wa kukatika katika.

Hujapata kujiuliza kwa nini baba yako hapandi gari la mtu, liwe la harusi, liwe la msiba, mpaka azunguke mbele aangalie kioo? Watu wa hapa humcheka. Wewe unajua aligongwa, na mguu unauona. Yaliyofuata hakukuambia kwa sababu anaona haya, na mimi nilinyamaza miaka yote kwa heshima yake. Leo nayasema.

Ilikuwa Julai 1998, msimu wa machungwa kama sasa, wewe una miaka minne. Alitoka shambani alfajiri na baiskeli, matenga mawili nyuma, awahi wanunuzi kwenye barabara ya Tanga. Pikapu ikamchukua kwa nyuma. Nilipofika, machungwa yalikuwa yametapakaa lami nzima, watoto wanayaokota wanayatia kwenye mashati, na baba yako yuko pembeni amefunikwa kanga ya mtu nisiyemjua, anaulizia baiskeli. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nikaikuta ile pikapu imeegeshwa chini ya mwembe. Nilikuwa karani wa mahakama, macho yangu yamezoea nyaraka. Nikaisogelea stika ya bima. Jua lilikuwa limeifubaza yote, lakini tarakimu ya mwisho ya mwaka ilikuwa nyeusi kuliko zenzake. Mtu alikuwa amechukua kalamu, 6 akaifunga juu, ikawa 8. Nilisimama pale mpaka askari akaniuliza kama naumwa.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haimruhusu mtu kuliingiza gari barabarani bila walau bima ya mtu wa tatu, hiyo mnayoiita bima ndogo. Mtu wa tatu ni nani? Ni baba yako na matenga yake. Akishinda kesi, kampuni iliyompa bima aliyemgonga inalazimishwa na sheria kuilipa ile hukumu, mwenye gari awe na kitu au asiwe nacho. Bima isipokuwepo, majeruhi anabaki na mwenye gari peke yake, na kile kilichomo mfukoni mwake.

Na mfukoni mwa yule bwana mlikuwa na nini? Alikuwa mchuuzi wa samaki. Mtu mwema, nakuapia, Ijumaa walikuwa wakiswali safu moja na baba yako. Mahakamani alilia mbele za watu. Akasema alikuwa amepanga kukata bima mwezi unaofuata, biashara ikichanganya. Mwezi unaofuata! Umeelewa sasa kwa nini maneno yako ya kituo cha mafuta yamenikata tumbo?

Kesi tuliifungua mapema, ndani ya ile miaka mitatu ya sheria. Jalada sikuruhusiwa kuligusa, kwa kuwa mdai ni ndugu yangu. Nilikaa chumba cha pili nikisikiliza mwenzangu akiipiga taipu hukumu. Ikatoka kwamba alipwe shilingi 2,800,000. Tukapeana mikono, mama yako akapika pilau. Kisha tukaomba kukaza hukumu. Dalali wa mahakama akaenda kwa yule bwana, akarudi na orodha yake: kitanda cha kamba, redio, mizani ya samaki, mbuzi wawili. Pikapu ilishauzwa injini. Mwishowe wakaelewana alipe 20,000 kila mwezi. Alilipa miezi saba, akahama, nasi hatukuwa na nauli ya kumfuata. Stakabadhi zote saba ninazo kwenye kopo la kahawa juu ya kabati langu. Ukija nitakuonyesha.

Piga hesabu: 140,000. Vyuma vya paja, safari za Muhimbili, miezi mitano ya kulala bila kuingiza senti, vyote vililipwa na michungwa. Zile eka tatu ulizokuwa ukichezea si zetu tena, na sasa unajua zilikokwenda. Na hapa niachie niseme langu. Miche ile niliibeba mimi kichwani pamoja na marehemu bibi yako, nikaimwagilia kwa debe kutoka mtoni kabla sijaenda shule. Baba yako aliiuza akiwa kitandani, kwa bei ya kutupa, bila kuniuliza, na habari nikazipata kwa mnunuzi. Nilishamsamehe. Lakini kila msimu nikipita pale nikaona malori yanapakia, uso naugeuza upande wa pili. Ada yako ya sekondari ikatoka kwenye mshahara wangu wa ukarani, kwa sababu michungwa iliyopaswa kukusomesha haikuwepo. Silitaji ili unishukuru. Nalitaja ujue kwamba nina haki ya kukuingilia.

Sikuishia kwenye maneno ya binamu yako. Jumatatu nilimpa mjukuu wangu simu, akafungua ukurasa wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, akaandika namba za gari lako. Ikaja tarehe ya Machi, kama ulivyosema. Mtoto akaniuliza, "Bibi, hii maana yake nini?" Nikamwambia azime.

Kama mtoto wa Fomu Tri anaweza, trafiki anashindwaje? Lakini trafiki hanishughulishi sana. Anayenikosesha usingizi ni mwenye baiskeli wa alfajiri, pale Mbwewe au Mkata, ukiwa umetoka Dar usiku na macho mazito. Dada yake naye atakwenda kituoni, ataandika namba zako kwenye simu, ataiona ile tarehe. Atakuona wewe kama nilivyomwona yule bwana wa samaki. Nawe utalia mahakamani, mwanangu, najua utalia, una moyo laini. Na hukumu itatoka, na dalali atakuja kuandika kitanda chako.

Kuna jingine. Gari lako lina namba ya njano, na bima iliyokwisha ulikata ya gari la kutembelea. Nasikia wikiendi linabeba watu wa kulipa nauli, Dar kuja Tanga. Hata bima ingekuwa hai, kampuni ingepata pa kukukania, maana mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa aliyejaza fomu. Umeandika gari la familia, ajali inakukuta na abiria wanne wa nauli, utajibu nini? Kama ni biashara, sema ni biashara, ulipie viti vyake, na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukifuate. Kama huwezi, wabebe ndugu zako tu.

Usiniambie habari ya pesa. Mwaka jana shemeji yako alikwama, nikamkatia mimi bima ndogo ya gari lake la kutembelea: laki moja, na 18,000 ya VAT. Nikagawanya kwa siku 365 nikapata shilingi 323 kwa siku. Mpiga debe anakula zaidi ya hizo kwako kabla hakujapambazuka.

Ukijaliwa, panda kwenye bima kubwa. Bima ndogo haitengenezi gari lako mwenyewe. Akikugonga asiye na bima, na wako wengi, utabaki kumdai yeye kama tulivyodai sisi. Ukiwa na kubwa, kampuni inakutengenezea gari, halafu hilo la kumfuata aliyekugonga linakuwa lao.

Ajali ikitokea, "tumalizane hapa hapa" usiikubali, hata mtu akikupigia magoti. Piga picha za namba, polisi waje, kampuni ijue siku hiyo hiyo. Bima usikate kwa kishoka wa mtaani, na ukishakata hakiki mwenyewe kwenye simu kabla hujaondoka dirishani. Siku ukivuka Horohoro kwenda Mombasa, Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, kwanza. Usiendeshe ukiwa na usingizi. 

Baba yako sijamwambia lolote. Anaamini bima iko kwenye mtandao, na amewaeleza hivyo wenzake msikitini, kwamba mwanawe amemwelimisha. Juzi nilimwona anamweleza muuza magazeti.

Jana jioni nimekutumia 118,000 kwenye simu, na ya kutolea. Ni pesa ya nazi zangu, usinirudishie. Kama bima ya biashara inazidi hapo, kinachopungua ongeza mwenyewe, tairi zisubiri, na gari lilale mpaka ukate. Jumamosi baada ya alasiri mjukuu wangu ataandika tena namba zako, na safari hii nitamwita baba yako akae karibu aone.

Shangazi yako