Akamwani ya Bukoba na Ua la Muleba

Huko Paris, tangu miaka ya 1990, hufanyika maonyesho makubwa ya chokoleti, na hata magauni ya chokoleti huvaliwa jukwaani. Watu hulipa kiingilio ili waonje. (Mzazi anayeletewa zawadi ya namna hiyo asome kifungashio kwanza, kwani baadhi yake hujazwa pombe.) Sisi wa Kagera tunayo tunu ambayo mgeni hupewa bure sebuleni: akamwani, yaani kahawa ya kutafuna.

Tulikuwa wajumbe watatu wa kamati ya msikiti tulioondoka Muleba kwenda Bukoba kununua akamwani kwa ajili ya walima. Barabara hupita Muhutwe, kisha Kemondo ambako ziwa hujitokeza, na njia nzima mibuni imejificha chini ya migomba.

Sokoni Bukoba tuliikuta karibu na senene. Matunda ya robusta huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, huanikwa juani siku kadhaa, kisha hufungwa katika maganda makavu ya mgomba. Ukiitafuna kwa pupa utaona uchungu tu. Ukitulia, harufu yake hupanda taratibu na kukaa kinywani muda mrefu. Wazee wa zamani walikuwa wakila punje mbili za tunda moja, zilizopakwa damu, kuapiana udugu. La damu tumeliacha, na tumefanya vyema. Ukarimu tumebaki nao. Wala asidhani mtu kwamba kahawa haikupata kutiliwa shaka: mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, na baadaye ikaruhusiwa.

Tulitaka mafungu mengi, lakini mama muuzaji alikuwa nayo machache. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole, "Wanangu, kahawa ya shambani kwetu iliuzwa ikiwa ua."

Hiyo ndiyo butura. Januari inapofika, watoto wanahitaji sare na madaftari, ilhali mavuno yako mbali. Mwenye fedha hununua kahawa ingali juu ya mti, kwa bei ya kuumiza. Mavuno yakija, mkulima huchuma, huanika na kubeba mali isiyo yake, huku jirani akipeleka kahawa yake ya maganda katika chama cha msingi ili iingie mnadani.

Serikali imeipiga marufuku butura, na sheria yetu iliitangulia. Katika Hadithi ya Ibn Umar, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, akimkataza muuzaji na mnunuzi pia. Wapo wanaojitetea kwa kuiita salam. Salam ina masharti: malipo yote hutolewa papo hapo, kwa kipimo na muda unaojulikana, wala haifungwi kwenye miti ya shamba moja. Anayelinunua ua la mjane hana hoja hapo, hata akiwa anasali safu ya mbele.

Tuliporejea Muleba, kamati ilifungua mfuko wa mkopo usio na riba kwa ajili ya Januari. Fedha iliyopo inatosha familia sita. Walioandikisha majina, hadi Ijumaa iliyopita, ni kumi na tisa.