Kilio Ndani ya Chemba

Katika miaka yangu ya uuguzi Seattle, kazi niliyoipenda kuliko zote ni kukaa na wagonjwa ndani ya chemba ya oksijeni. Ni chumba cha chuma ambamo hewa hugandamizwa hadi shinikizo la mzamiaji aliyeshuka mita 20. Wengi waliokuja walikuwa watu wazima wenye vidonda vya kisukari vilivyokataa kupona. Watoto wachanga walikuja mara chache.

Usiku wa tarehe 14 Desemba 2006 dhoruba iliangusha miti na nyaya za umeme jimboni Washington. Wateja zaidi ya milioni moja wakabaki gizani, na baridi ilikuwa kali. Wahamiaji wengi, wakiwemo watu wa kwetu Afrika Mashariki, waliwasha mkaa ndani ya nyumba zilizozibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Mkaa uliokolea hautoi moshi, basi hapakuwa na wa kukohoa akawashtua wenzake.

Mama mmoja Msomali aliyekulia Nairobi, aliyefika hospitalini na mtoto mchanga, aliposikia Kiswahili changu alinishika mkono. "Dada, sisi wakubwa tumeumwa vichwa na kutapika. Huyu alikuwa analia, sasa ametulia."

Utulivu huo ndio ulionitisha. Mtoto mchanga huvuta pumzi kwa kasi kuliko sisi, hivyo sumu ya mkaa, gesi ya kaboni monoksidi, humwingia mapema, naye hawezi kusema kichwa kinamuuma. Kile kipimo cha kubana kidoleni kilionyesha oksijeni ya kutosha, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Maabara ndiyo iliyotuambia ukweli.

Sumu hii hung'ang'ania hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu yake hutoka damuni kwa saa 4 au 5. Kwa oksijeni tupu ya barakoa, saa 1 hadi 1 na nusu. Ndani ya chemba, dakika 20 hivi. Madaktari bado wanabishana nani hasa aingizwe, na utafiti juu ya wachanga ni haba. Kwa mtoto aliyelegea vile, mimi sikuwa na shaka.

Barakoa ilikuwa imemzindua kidogo. Nilimfuta mafuta ya mgando aliyopakwa na mama yake, kwani mafuta na oksijeni nyingi huweza kuleta moto, nikamvisha nguo za pamba tupu. Shinikizo lilipoanza kupanda nikampa chupa, maana kila anapomeza masikio hufunguka. Akaisukuma, akaangua kilio. Kulia nako hufungua masikio, nami nilikifurahia kilio kile kwa moyo wote. Shinikizo lilipofika kiwango chake nikamvika kofia angavu ya oksijeni.

Alitoka akitafuta titi. Tulimwambia mama amrudishe kuangaliwa, maana madhara ya ubongo huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye.

Nawe msomaji, uwe Njombe, Limuru au Minnesota, usilaze mtoto chumba kimoja na jiko la mkaa, hata likibaki makaa mekundu tu. Mkiamka nyote mnaumwa vichwa, mtoeni mtoto nje kwanza, kimbilieni hospitali, na mwambieni daktari mlikuwa na moto ndani.