Ziwa Lisilo na Mlango

Mtaani kwetu Bondeni, mjini Nakuru, mawingu yakitanda wapo wanaomwaga taka mtaroni wakisema, “Mvua itazichukua.” Ni kweli huzichukua. Lakini huzipeleka wapi?

Sisi tuliozaliwa Pwani tumezoea bahari isiyo na ukomo. Ziwa Nakuru si bahari. Hupokea mito ya Njoro, Makalia na Nderit pamoja na mitaro ya mji, wala hakuna mto hata mmoja unaotoka humo. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Uchafu yaliyoubeba hubaki.

Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Egerton kilichopo Njoro, wameuchunguza mto huo kwa miaka mingi. Miongoni mwa njia zitumikazo ni hesabu ya kompyuta. Bonde hugawanywa vipande. Kila kipande huandikiwa mteremko wake, udongo wake na kinachokifunika, kiwe msitu, shamba au bati. Kisha hukadiriwa ni mvua kiasi gani itakayonywewa na ardhi, na kiasi gani itatiririka. Jibu hulinganishwa na maji yaliyopimwa mtoni. Msitu ukigeuzwa shamba katika hesabu hiyo, maji huteremka kwa kasi na kwa tope zaidi. Mau Mashariki, chimbuko la Njoro, ilimegwa pakubwa mwaka 2001.

Mume wangu huniuliza, “Taka za kapu moja ni nini mbele ya Mau nzima?” Humjibu kwamba hesabu ile haikisahau kipande chochote, na bati na saruji, yaani mitaa yetu, ndizo zisizonywa maji. Tena mvua za kwanza ndizo zisombazo uchafu mwingi zaidi, kwa kuwa hukuta ulioshindiliana kiangazi kizima.

Kwa hiyo, dada zangu, tufagie mitaro kabla ya masika, si baada yake. Mwenye uwezo akinge maji ya paa kwa tangi: atapunguza mafuriko kwa jirani wa chini, na watoto watapata maji yasiyo na floridi, ile iliyomo katika visima vingi vya huku na kuyatia meno madoa ya kahawia.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuchafua mahali watu wanapoteka maji na njia wanazopita. Mtaro wetu ni njia, na mwisho wake ni maji.