Mkate wa mayai asubuhi ya baridi Isansa

Mwezi wa Julai baridi ya Isansa haina mzaha. Ukitokea Tunduma unafuata barabara kuu iendayo Dar es Salaam, unaiacha lami ndani ya Wilaya ya Mbozi, na hapo unaingia kwenye migomba na mikahawa. Ndiko nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Safari hii nilibeba mikate miwili. Siku ya tatu ilikuwa imekauka, watoto wanaikwepa. Nikakumbuka kwamba Wafaransa mkate wa mayai huuita pain perdu, yaani mkate uliopotea, kwa kuwa hutengenezwa kwa mkate uliolala. Mkate mkavu hunyonya mayai na maziwa bila kumomonyoka. Nikaamua kuukaanga, tena nikiujaza vitu vya shambani.

Nikamwomba mama mayai manne. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akaniletea. Nilipokwisha kuyapasua, wifi yangu akaninong'oneza, "Wifi, hayo alitunza kumi amwekee kuku alalie." Nilitamani ardhi inimeze. Kijijini yai ni kifaranga, ni kuku wa kesho, ni daftari la mtoto. Nikaenda kupiga magoti kumwomba radhi. Akanijibu, "Yai likishapasuka halirudi, mwanangu. Pika."

Basi msomaji wangu, fanya hivi. Kata mkate vipande vinene, unene wa vidole viwili. Kila kipande kipasue ubavuni kama mfuko, usifike mwisho. Ponda ndizi mbivu mbili, changanya na vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa na kijiko cha asali, kisha jaza. Piga mayai manne na kikombe kimoja cha maziwa, chumvi kidogo na iliki. Chovya kila upande, kisha kaanga kwenye kikaango cha chapati kwa mafuta kidogo, dakika 3 au 4 kila upande. Moto uwe mdogo. Ukiwa mkali, nje huungua na ndani hubaki majimaji. Vipande sita hadi vinane utapata.

Jambo lingine lilinishangaza. Nyumba ile inalima arabika, lakini asubuhi wanakunywa chai ya rangi. Kahawa yote ni ya kuuza. Siku ile baba mkwe akateka konzi mbili za kahawa kavu, akatwanga kuondoa maganda, akapepeta. Tukaikaanga kwenye sufuria tukikoroga bila kupumzika mpaka ikawa ya hudhurungi, tukaitwanga tena na kuichemsha. Harufu yake ilimwamsha hata aliyekuwa bado amejifunika blanketi.

Tukakaa jikoni karibu na moto. Watoto walilamba vidole. Baba mkwe alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akasema, "Kumbe hii ndiyo tunayowapelekea watu miaka yote."

Mama alikula kipande chake kimyakimya, nami nikimwangalia kwa wasiwasi. Akamaliza, akafuta mikono kwenye khanga, akanyanyuka kwenda kumtazama kuku wake.

"Sita wamebaki," alisema aliporudi. "Sita wanatosha. Je, kipande kingine kipo?"